Nyayo Juu ya Dari

Tiril alikuwa msichana wa miaka kumi na sita alipokabidhiwa ufunguo wa chumba chake mwenyewe, na hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa kubwa. Kisiwani kwao Skarvholmen shule iliishia darasa la kumi. Aliyetaka kuendelea alifunga virago mwezi Agosti, akapanda boti ya asubuhi, akaenda kupanga mjini. Ndivyo alivyofanya mama yake, ndivyo alivyofanya baba yake. Siku ya kuhamia, mama alimbebea mashuka na sufuria mbili mpaka ndani, akakagua jiko, akakagua dirisha lililokuwa usawa wa majani ya nje, akasema, "Pazuri. Ukihitaji kitu, piga simu." Kisha akatazama saa, maana boti haimsubiri mtu.

Mwenye nyumba aliitwa Gudveig. Alikuwa mjane wa miaka themanini na moja, mwembamba kama ufito, anayetembelea fimbo. Yeye aliishi juu, Tiril chini yake.

"Ukihitaji kitu, gonga," naye alisema siku hiyo ya kwanza. "Ngazi ya ndani ipo, ila tuliifunga zamani, nimeiwekea kabati. Pitia mlango wa mbele, mwanangu, usione haya."

Tiril hakugonga. Angegonga aseme nini?

Shuleni mambo yalimnyookea. Hesabu aliipenda tangu utotoni, na mtihani wa kwanza alipata sita, alama ambayo hakuna iliyo juu yake. Lakini ilipofika saa tisa alasiri kengele ililia, wenzake wa mjini wakatawanyika kwenda kwao, na yeye akabaki na alasiri nzima mikononi. Alitembea polepole ili njia irefuke. Alipofika alichemsha yai, akalila kwa mkate mkavu na jibini ya kahawia, huku simu ameiegemeza kwenye glasi ya maziwa, watu wengine wakicheka ndani yake. Wiki ya tatu alifua sweta aliyofumiwa na bibi yake, akaitia kwenye mashine pamoja na mashuka, kwa maji ya moto. Ilitoka ndogo, ngumu, ya kumfaa mwanasesere. Aliketi kitandani akiitazama. Hakuna aliyepata kumwambia kwamba sufu haipendi moto. Huko nyumbani nguo zilikuwa zinajirudia tu kabatini, safi. Aliificha chini kabisa ya begi.

Kampani yake ilikuwa nyayo za juu ya dari. Bila kukusudia, alizijua zote. Saa moja na nusu asubuhi kitanda kililia, ikafuata fimbo, ikafuata mguu wa kulia, kisha wa kushoto ukiburuta kidogo: to, ta, shaa. To, ta, shaa, mpaka jikoni. Birika. Kiti kikivutwa. Redio ikitaja upepo wa pwani, bandari moja baada ya nyingine, na Tiril alikuwa anasubiri wafike bandari ya kwao ndipo avae viatu. Walikutana mlangoni mara chache. "Baridi leo," Gudveig alisema. "Sana," Tiril alijibu. Basi.

Mwezi Oktoba Tiril aliugua. Homa ilimshika Jumatatu, ikamkaba siku tatu. Ukikosa shule sana bila cheti cha daktari, hupewi alama za somo. Hilo alilijua, walitangaziwa siku ya kwanza. Namba ya zahanati alikuwa nayo. Aliiandika kwenye simu, akaitazama mpaka kioo kikazima chenyewe. Akakiwasha tena. Ujumbe wa maandishi angeutuma hata akiwa usingizini, lakini kuongea, sauti yake itoke imtafute mtu asiyemjua, na mtu huyo aulize swali ambalo yeye hakulitayarishia jibu! Hapana. Alikunywa maji ya bomba, akala mkate mkavu, akalala. Juu yake to, ta, shaa ilipita ikarudi. Mama alipoandika, "U mzima?" alijibu, "Mzima," akaweka na kiuso cha kucheka.

Aliporudi shuleni, Sturla, mwalimu wao wa darasa, alimwita pembeni. Alikuwa mwanaume wa makamo mwenye ndevu zisizochanwa, na sweta zake zilikuwa na matundu kwenye viwiko.

"Siku tatu, Tiril. Cheti kiko wapi?"

"Sina."

"Si ungepiga simu tu?"

"Ndiyo," alisema Tiril. "Ningepiga tu."

Sturla alitaka kuongeza neno, kengele ikalia.

Wiki mbili baadaye Sturla aliingia darasani na karatasi kubwa, akaibandika ubaoni. Wilaya nzima, alisema, inawauliza wanafunzi: ni mambo gani ya maisha ambayo shule ingepaswa kuwafundisha na haiwafundishi? "Semeni. Leo hakuna jibu la kijinga."

"Hilo usiahidi, bado hujamsikia Brage," alisema msichana wa mbele.

Brage, kijana mkubwa wa sauti ambaye kiti chochote kilimlia, hakungoja ruhusa. "Kodi! Nimefundishwa kutafuta eksi miaka minne. Sijawahi kuipoteza mimi hiyo eksi! Kodi ndiyo itanitafuta mimi."

Darasa likacheka, na baada ya hapo mikono ikapanda yenyewe. Kubadilisha tairi. Kupika kitu ambacho hakikutoka kwenye boksi. Kuomba kazi. Kuzuia damu mtu akijikata. Kumwacha mpenzi ana kwa ana badala ya kumtumia ujumbe. "Huyo anakusema wewe, Brage!" Sturla aliandika yote kwa kalamu nyekundu, mpaka karatasi ikajaa.

"Na wewe, Tiril? Wewe ndiye unaishi peke yako hapa. Unajua kuliko sisi."

Vichwa vikageuka. Tiril alihisi masikio yakiwaka. Alikuwa na orodha ndefu kuliko ya karatasi ile: namna ya kuongea na daktari, namna ya kujua kama una huzuni au una njaa tu, namna ya kumgongea mtu mlango bila kuwa na sababu.

"Sina," alisema. "Yamesemwa yote."

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Theluji ilianguka usiku kucha, na Tiril aliamshwa na kitu kinachogonga ndani ya ukuta. Tik, tik. Kimya. Tik, tik, tik. Ni bomba, aliwaza. Siku za baridi mabomba ya nyumba ile yaligugumia na kugonga kama yana mtu ndani. Akavaa visikilizi vya masikioni, akaweka muziki, akajifunika blanketi.

Saa nne aliamka, akapika uji wa shayiri, akafungua daftari la hesabu. Swali la kwanza likatoka, la pili likatoka. Kwenye la tatu kalamu ilisimama. Kuna kitu kilikuwa kimekosekana, kama neno lililofutwa katika sentensi unayoijua. Alivua visikilizi, akasikiliza. Hakukuwa na fimbo wala birika. Hata redio haikutaja bandari.

Atakuwa amelala, alijiambia. Wazee nao hulala. Alichungulia dirishani: ngazi za mlango wa mbele zilikuwa na theluji laini isiyokanyagwa, na gazeti lilikuwa bado limechomoza kwenye sanduku lake. Alimwandikia mama: "Gudveig hajatembea leo." Mama alikuwa zamu kiwandani, anachinja samaki wa samoni, simu yake imefungiwa kabatini. Baba alikuwa baharini. Tiril aliutazama ujumbe wake usiosomwa, akajiona mpumbavu. Utapanda useme nini? Nimekuja kwa kuwa sikusikia miguu yako? Ataona nilikuwa namsikiliza miezi mitatu yote.

Alivaa koti juu ya nguo za kulalia, akatoka. Alibonyeza kengele ya mlango. Alibonyeza tena. Akazunguka nyumba, theluji ikimwingia viatuni, akajinyanyua kwenye tofali mpaka dirisha la jikoni. Kikombe kilikuwa mezani. Kwenye ujia wa kwenda bafuni, sakafuni, ilikuwa imelala fimbo.

Ndipo alipoielewa ile tik, tik.

Alikimbilia chini. Simu ilimponyoka mara mbili. Alichukua kalamu, akaandika juu ya daftari la hesabu, pembeni ya swali la tatu: Naitwa Tiril. Mama mmoja ameanguka. Mlango umefungwa. Akaandika na mtaa. Kisha akapiga namba ya dharura, na kabla hajawa tayari, sauti ikapokea.

"Dharura, habari. Kuna nini?"

Alisoma. Alisoma kama mtoto anayesoma mbele ya darasa, neno kwa neno, mpaka maneno yakaisha.

"Umesema vizuri sana, Tiril," ilisema sauti, ya mwanamke, bila haraka. "Gari linatoka sasa hivi, ila barabara ina theluji, litachukua dakika ishirini hivi. Kuna njia nyingine ya kuingia?"

"Kuna ngazi ya ndani. Ameifunga. Ameiwekea kabati."

"Una nguvu?"

"Sijui."

"Haya, tujue. Niweke kwenye sauti kubwa, usikate."

Mlango wa juu ya ngazi ulishikwa na kitasa kidogo cha ndoano. Tiril aliupiga bega, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu ndoano ilichomoka na mbao yake. Kabati lilikuwa nyuma yake, limejaa vyombo. Alisukuma kwa mgongo, miguu ameikaza kwenye ngazi, akasikia sahani zikiporomoka na kuvunjika ndani, akaendelea kusukuma mpaka ikapatikana nafasi ya kupenya kiubavu.

Gudveig alikuwa amelala kwenye vigae vya bafuni, kiubavu, gauni la kulalia limempanda magotini. Mguu mmoja ulikuwa umegeukia upande usio wake. Midomo ilikuwa ya buluu. Mkononi ameshika kitana cha chuma, na karibu na kichwa chake lilipita bomba.

"Samahani, mwanangu," alisema kwa sauti nyembamba. "Nimekusumbua Jumamosi."

"Anaongea!" Tiril aliiambia simu. Alikuwa analia na hakujua alianza lini. "Anaongea, ila ni wa baridi, wa baridi kabisa!"

"Usimwinue. Mguu usiuguse. Leta mablanketi yote, umfunike, na chini ya kichwa weka kitu laini. Halafu kaa naye. Muongeleshe, asilale."

Alileta mablanketi, akaleta na duveti lake kutoka chini, bado lina joto. Kisha, kwa kuwa hakujua njia nyingine, alilala sakafuni kando ya bibi yule, uso kwa uso, akaushika ule mkono wenye kitana.

"Uligonga," alisema.

"Kidogo. Tangu alfajiri. Sikutaka kugonga kwa nguvu. Vijana mnapenda kulala."

Tiril angeweza kunyamaza. "Nilisikia," alisema. "Nilidhani ni bomba. Nikaweka muziki."

Gudveig alifumba macho, akafumbua. "Bomba hilo nalo hugonga," alisema. "Marehemu mume wangu aliahidi kulitengeneza tangu mtoto wetu hajaanza shule." Alipumua kidogo kidogo. "Na mimi nilijua ni wewe tu uliyepo. Nikaona, nikigonga sana, utanionaje?"

"Kila siku nakusikia. Ukiamka, ukivuta kiti. Redio."

"Ah! Na kelele zote hizo!"

"Si kelele."

Simu ikasema kutoka sakafuni, "Endeleeni kuongea, jamani, nawasikia."

"Na mimi nakusikia," alisema Gudveig. "Saa yako ya kuamshia unaizima mara tatu. Ukitoka shule unachemsha yai. Oktoba ulikohoa siku tatu. Nilipika supu. Nikafika nayo mpaka hapo mlangoni, fimbo mkono huu, sufuria mkono huu, nikaogopa ngazi zenye barafu. Nikarudi nikainywa mwenyewe." Meno yake yalianza kugongana. "Ilikuwa supu nzuri, lakini."

Tiril alicheka huku kamasi zikimtoka. Alimsimulia habari za Skarvholmen: kondoo wanaokula magugu ya bahari, bibi yake anayemtukana mtangazaji wa hali ya hewa kwa jina. Habari ya sweta ilipotoka, Gudveig alisonya kwa huzuni ya kweli. "Sufu kwa maji ya moto! Mungu wangu! Ulifundishwa nini huko shule?"

"Hesabu."

"Hesabu," alisema Gudveig, na macho yakaanza kumlegea. Tiril akamtikisa mkono, akamuuliza jina la mume, la mwana, la kila paka aliyewahi kumfuga, mpaka taa za buluu zikapita dirishani.

"Wewe ni mjukuu wake?" aliuliza mmoja wa waliokuja na machela.

"Hapana. Napanga chini."

Walimbeba wakaenda naye. Mama alipiga simu jioni. Angekuja, lakini boti zilikuwa zimesimamishwa kwa sababu ya upepo. "Naweza kupiga simu kwa mtu, mwanangu, aje kukaa nawe. Nimpigie nani?" Tiril alifikiri, akafikiri. "Usimpigie mtu, mama. Niko sawa." Kisha aliketi kitandani pasipo na duveti, maana duveti lilikwenda hospitali, akasikiliza nyumba ambayo haikuwa na sauti hata moja.

Jumatatu alimweleza Sturla, kwa sababu alichelewa na ilibidi aeleze. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Ile karatasi kubwa ilikuwa bado ubaoni nyuma yake.

"Umefanya kila kitu sawasawa," alisema.

"Sikufanya. Nilisikia saa kumi na mbili, nikapanda saa tano."

Sturla alikuna ndevu. Alitazama karatasi, kisha mikono yake. "Unajua, mimi nimehamia kwenye ile nyumba ya ghorofa karibu na bandari tangu tulipoachana na mke wangu. Miaka miwili sasa. Ukuta wa pili kuna mtu anapiga kinanda. Sijui ni mwanaume au mwanamke." Aliigusa ile karatasi kwa kidole. "Somo la kugonga mlango, nikiambiwa nilifundishe kesho, sijui ningeanzia wapi." Tiril aliona afadhali hivyo kuliko kusifiwa tena.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Gudveig alipasuliwa, akalala wodini wiki sita, na Tiril alimtembelea kila baada ya masomo, akimpelekea gazeti. Wakati mwingine alikuta amesinzia, akaketi tu. Mwezi Januari Audun, mwana pekee wa Gudveig, alikuja kutoka Trondheim, mji wa mbali. Alikuwa mwanaume mrefu aliyeinama kwenye milango isiyohitaji kuinamiwa. Alikusanya vipande vya sahani vilivyobaki nyuma ya kabati, akashukuru mara nyingi mno.

"Nimempatia nafasi kwenye nyumba ya wazee karibu na kwangu," alisema. "Hawezi tena ngazi. Nyumba hii tutaiuza kiangazi, wewe kaa mpaka shule zifunge, usiwe na wasiwasi." Alishika mgongo wa kiti cha jikoni. "Kila Jumapili nilikuwa namuuliza, u mzima? Ananiambia mzima."

Tiril alimsaidia kubeba masanduku mpaka garini.

Baada ya hapo nyumba ikawa yake peke yake. Asubuhi aliamka saa moja na nusu bila kengele, na dari haikusema kitu. Alianza kupiga simu Trondheim kila Jumapili mchana. Mara ya kwanza aliandika tena maneno kwenye karatasi. Mara ya pili aliandika machache. Mazungumzo yenyewe hayakuwa makubwa: Gudveig hakusikia vizuri kwenye simu, alijibu maswali ambayo hakuulizwa, na siku nyingine alimwita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, Tiril akaitika.

Jumapili moja ya Februari Gudveig alikuwa mchangamfu.

"Huku hakuna upweke," alisema. "Wanagonga na kuingia papo hapo, hata sijasema karibu. Na huko? Nani anatembea juu yako siku hizi?"

"Hakuna mtu."

"Umekula?"

"Bado. Nina kababu za samaki, nakaanga sasa."

"Basi usile huko chini gizani. Panda kwangu. Kaa kiti cha dirishani, kile chenye mto. Mimi bado sijamaliza changu, wamenipa viazi vigumu kama mawe."

Tiril alipanda na kikaango kwa ngazi ya ndani. Jikoni kulikuwa na baridi, na ukutani vimebaki vivuli vya picha zilizoondolewa. Aliwasha taa, akavuta kile kiti, akaiweka simu mezani ikiwa kwenye sauti kubwa. Nje bahari ilikuwa ya kijivu, na boti ya kisiwani kwao ilikuwa inatoka bandarini.

"Nimekaa," alisema.

"Nimesikia kiti," alisema Gudveig.

Wakala. Tiril alisikia uma ukigonga sahani huko mbali, na mtu akikohoa, na kigari cha vyombo kikipita. Alimega kababu vipande vidogo ili zisiishe upesi. Baadaye ilisikika sauti ya nesi ikisema, haya, Gudveig, twende tukapumzike, na Gudveig akaanza kusema kitu, na laini ikakatika.

Tiril alikaa mpaka boti ilipopotea nyuma ya visiwa. Kisha akaosha sahani yake kwenye sinki la Gudveig, akaifuta, akazima taa.